Karanga za Jumatano

Fundi alizoea kusikiliza huku akishona. Cherehani yake ilikaa barazani, karibu na mlango, mahali penye mwanga. Mguu ulikanyaga, mkono ulisukuma kitambaa, na masikio yalibaki huru. Ndiyo maana kila alasiri alimsikia binti yake kabla hajamwona.

Binti huyo alikuwa na miaka minane. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu kama ndege huyo, hakujua kunyamaza. Alianza kusimulia tangu kona ya barabara. Nani kaanguka, nani kalia, mwalimu gani kapiga chafya mara saba. Fundi angeweza kumaliza pindo zima la sketi kabla mtoto hajavuta pumzi.

Jumatano moja Chiriku alirudi kimya.

"Leo mlikula nini?" Fundi aliuliza.

"Wali na mchuzi wa karanga."

"Maharage yameisha?"

"Mpishi amesema muhula huu kila Jumatano ni karanga." Mtoto alijikuna shingo. "Mama, karanga zinaniwasha mdomo."

Fundi aliinua macho. Kweli, midomo ya mtoto ilikuwa imetuna kidogo, kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Lakini mkononi alikuwa na sare tatu za wateja, na zote zilitakiwa kesho.

"Umekula haraka. Mchuzi ulikuwa wa moto."

"Haukuwa wa moto."

Nyumbani kwao karanga hazikupikwa. Bibi, mama yake mume wa Fundi, hakuwa na meno ya kuzitafuna, na wengine wote walifuata meno ya Bibi. Kwa hiyo hakuna aliyejua lolote juu ya Chiriku na karanga.

"Huyo anadeka," Bibi alisema kutoka ndani. "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Fundi hakubisha. Na yeye alilelewa hivyo. Alikumbuka chakula cha mchana cha shule yake. Sahani za bati. Mabenchi marefu. Mwalimu akizunguka na rula mkononi, akisema, "Sahani ing'ae." Hakuna aliyeinuka kabla sahani haijang'aa. Fundi alichukia kabichi ya kuchemsha, lakini aliziba pua akaimeza, miaka saba. Alipokuwa mtu mzima alijivunia jambo hilo. Aliwaambia watu kwamba yeye hachagui chakula.

"Kula unachopewa," alimwambia binti yake. "Sisi tulikula."

Jumatano ya pili mtoto alirudi na mabaka mekundu mikononi na shingoni. Alikuwa ametapika njiani. Fundi alidhani sahani za shule hazikuoshwa vizuri. Alimpaka mafuta kwenye mabaka, akamlaza. Kesho yake mabaka yalikuwa yametoweka, na Chiriku alikuwa anaongea tena. Jambo likasahauliwa. Watu wazima wana kipaji cha kusahau maumivu ya mtoto.

Jumanne iliyofuata Chiriku alikuja akasimama kando ya cherehani.

"Mama, kesho naweza kuwa mgonjwa?"

"Ugonjwa gani?"

"Wowote. Nichagulie."

Fundi alicheka. Baadaye kicheko hicho kilimuuma kuliko sindano yoyote iliyowahi kumchoma kidole. Lakini siku ile alicheka, kisha akasema, "Mwambie mwalimu wa zamu kwamba mama amesema usipewe mchuzi. Kula wali mtupu."

"Atakubali?"

"Kwa nini akatae? Ni mchuzi tu."

Jumatano ya tatu, mchana, Fundi alikuwa akipima kola ya shati. Aliona wasichana wawili wakija kutoka kona. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa darasa la juu. Alikuwa amemshika mwenzake kwapani, karibu kumbeba. Fundi aliwatazama kwa muda kabla ya kumtambua yule mdogo. Macho yake yalikuwa yamefumbwa na uvimbe. Midomo ilikuwa minene. Pumzi yake ilipiga mluzi.

"Mwalimu amesema nimlete nyumbani apumzike," alisema yule mkubwa. Alikuwa karibu kulia. "Ameanguka mara mbili njiani."

"Mmekuja kwa miguu?"

"Ndiyo, mama."

Fundi alimnyanyua mtoto. Jirani yao mchomeleaji alikuwa uani kwake na pikipiki. Alitupa kinyago chake chini bila kuambiwa. Wakapanda watatu, mtoto katikati, na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni mwa Fundi hadi kituo cha afya.

Nesi aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya taratibu na mikono ya haraka. Alimtazama mtoto mara moja tu. Alimlaza kitandani, akainua kichwa chake kidogo ili apumue. Akamchoma sindano pajani.

"Amekula nini?"

"Karanga. Lakini ni chakula cha shule. Wote wamekula."

"Wote si huyu," alisema nesi.

Walisubiri. Dakika zile Fundi hakuzihesabu. Aliutazama ubavu wa mwanawe ukipanda na kushuka. Polepole mluzi ulipungua. Kisha ukaisha. Chiriku alifumbua jicho moja kidogo.

"Mama," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "nilimwambia mwalimu."

"Najua, mwanangu."

"Akasema hapa si hotelini. Akasimama karibu yangu mpaka nimalize. Nikamwambia sipumui vizuri. Akasema nimepaliwa, ninywe maji." Alivuta pumzi. "Wenzangu wakaimba. Mdekaji, mdekaji."

Fundi alipandwa na hasira. Lakini kabla hasira haijafika kwa mwalimu, ilipita kwanza kwake mwenyewe.

Aliukumbuka wimbo huo. Aliwahi kuuimba.

Alipokuwa darasa la tatu, alikaa benchi moja na msichana mwembamba waliyemwita Kalamu. Shule yao ilitoa mayai kila Ijumaa, na watoto walisubiri Ijumaa kama sikukuu. Kalamu peke yake hakutaka. Kila Ijumaa aliachwa benchini na yai lake, mwalimu akiwa mbele yake na rula. Alikula huku akilia na kujikuna. Wenzake walipita wakiimba, mdekaji, mdekaji. Fundi alikuwa na sauti nzuri. Aliongoza wimbo. Ijumaa moja Kalamu alibebwa kupelekwa nyumbani. Jumatatu nafasi yake ilikuwa tupu. Ilibaki tupu mwaka mzima. Walimu hawakusema neno, na Fundi hakuwahi kuuliza.

"Nesi," alisema, "mwanangu ana nini?"

Nesi alivuta kiti. "Huu unaitwa mzio. Mwili una walinzi wake. Kazi yao ni kupigana na vijidudu. Walinzi wa binti yako wamekosea. Wakiona karanga, wanadhani adui kaingia, na wanaanza vita. Vita hivyo ndivyo vinavyoleta kuwashwa, mabaka, uvimbe na kutapika. Vikifika kwenye njia ya hewa, mtoto anaweza kufa kwa muda mfupi sana."

Fundi alimsimulia Jumatano mbili zilizotangulia. "Nyumbani tulisema anadeka."

"Mtoto anaweza kudeka akalia," nesi alijibu. "Hawezi kudeka akavimba."

Fundi aliinamisha kichwa. "Tukimzoesha kidogo kidogo?"

"Usijaribu hata siku moja. Mara ya kwanza alivimba midomo. Mara ya pili alitapika. Leo umeona. Hata mwiko uliotoka kwenye mchuzi wa karanga ukaingia kwenye wali wake unaweza kumdhuru. Na jambo jingine. Nani alimruhusu atembee?"

"Mwalimu."

Kwa mara ya kwanza sauti ya nesi ilipanda. "Mtoto anayevimba na kukosa pumzi hatembezwi. Hasimamishwi. Analazwa, na kama anapumua kwa shida anaketishwa. Haachwi peke yake. Anakimbizwa kituoni hapo hapo, hata akionekana ana nafuu. Kuna dawa ya sindano, lakini lazima imfikie mapema. Mngechelewa kidogo, mimi na wewe tungekuwa na mazungumzo mengine."

Mume wa Fundi alifika akiwa na vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Alikuwa mwashi, na habari ilimkuta juu ya ukuta. Alimshika mtoto mguu, akasikiliza yote. Kisha akasimama.

"Huyo mwalimu anakaa wapi?"

"Keti," Fundi alisema. "Nesi anataka mtoto aangaliwe mpaka jioni. Kaa naye. Shuleni nitakwenda mimi, kesho asubuhi."

"Na utafanya nini?"

"Nitaongea. Chiriku hakuokota mdomo wake njiani."

Asubuhi Fundi alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Mkuu kabla ya kengele. Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, na meza yake ilijaa madaftari. Alimwita mwalimu wa zamu. Akaja kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama.

"Mtoto anaendeleaje?" aliuliza kijana.

"Anapumua," alisema Fundi. "Jana hilo lilikuwa na shaka."

"Mama, pole sana. Lakini sisi tunafundisha watoto nidhamu. Chakula hakichezewi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi."

"Mwanangu si samaki, mwalimu."

Fundi aliendelea kabla kijana hajaongeza methali nyingine.

"Alikwambia kwamba mama yake amesema asipewe mchuzi?"

"Aliniambia. Watoto husema mengi."

"Alikwambia hapumui?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Aliniambia."

"Ulimwona amevimba, ukampeleka wapi?"

Mwalimu Mkuu alikohoa. "Mama, tafadhali tulia kwanza. Utaratibu huu wa sahani ni wa zamani. Tuliukuta."

"Jana nilitulia," alisema Fundi. "Nilitulia kando ya kitanda nikitazama ubavu wa mtoto kama unapanda. Leo siwezi. Utaratibu mliukuta, sawa. Shimo likikutwa njiani, linaachwa kwa sababu limekutwa?"

Mlango ulisukumwa. Mpishi wa shule aliingia, aproni ikiwa na majivu. Alikuwa amesikia kutoka koridoni na hakujaribu kuficha.

"Mwalimu Mkuu, unisamehe," alisema. "Mtoto huyu alikuja dirishani kwangu wiki iliyopita. Aliniomba wali mtupu, nikampa. Mwalimu akamrudisha nao, akaniagiza nimwekee mchuzi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi hapa ni mwiko tu. Nani anausikiliza mwiko?"

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaishika mkononi. Alionekana kama mtu anayefanya hesabu asiyopenda jibu lake.

"Una watoto mia ngapi hapa?" Fundi aliuliza.

"Mia nne na zaidi."

"Unajua wangapi wana shida kama ya mwanangu?"

"Sijui."

"Basi itisha mkutano wa wazazi. Nesi yuko tayari kuja."

Jumamosi wazazi walijaa katika darasa moja. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Nesi alisimama mbele, akaeleza mzio kama alivyomweleza Fundi. Alitaja vyakula vinavyoleta shida mara nyingi: karanga, mayai, maziwa, samaki. Aliwaonya pia wasikimbilie kuwanyima watoto kila kitu kwa hofu. "Watoto wengi hawana shida yoyote, na vyakula hivi vinawajenga. Ukiona dalili, njoo kituoni tupime. Usibahatishe."

Muuza nyama, mtu wa kifua kipana na sauti ya sokoni, alisimama.

"Haya ni mambo ya siku hizi," alisema. "Sisi tulikula kila tulichowekewa. Tukikataa, fimbo. Na hatukufa."

Watu kadhaa walicheka kwa kukubali. Fundi alisimama. Hakuwa amepanga kusema mbele ya watu.

"Wewe hukufa," alisema. "Na mimi sikufa. Ndiyo maana tuko hapa tunajisifu. Aliyekufa haji mkutanoni."

Hapo hakuna aliyecheka. Fundi akawasimulia habari za Kalamu, na yai, na nafasi iliyobaki tupu. Hakujificha. Alisema kwamba aliyeongoza wimbo alikuwa yeye.

"Sijui alikufa au alihama," alimalizia. "Miaka yote hii sijui, kwa sababu hakuna aliyeona ni jambo la kuuliza. Na wiki mbili zilizopita mwanangu aliniambia karanga zinamwasha, nikamjibu kwa maneno ya yule mwalimu wa rula. Tulipigwa, tukaugeuza mkong'oto kuwa urithi. Sasa tunawagawia watoto wetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto akisema kunguni wanauma, tumwamini kwanza, ndipo tupekue godoro."

Mwalimu wa zamu aliinuka kutoka pembeni. Shati lake siku hiyo halikuwa na pasi.

"Na mimi niliachwa na sahani hadi jioni nilipokuwa mdogo," alisema. "Nilidhani ndiyo malezi. Nimekosa. Namwomba radhi mtoto, na mama yake."

Fundi alitikisa kichwa kwamba amesikia. Zaidi ya hapo hakumpa. Kusamehe kuna siku yake, na siku hiyo ilikuwa bado.

Siku ile ile walikubaliana, na Mwalimu Mkuu akaandika kwa mkono wake. Hakuna mtoto atakayelazimishwa kumaliza chakula. Mtoto akikataa, ataulizwa kwa nini, na jibu lake litapelekwa kwa mzazi. Kila mzazi ataandikisha chakula kinachomdhuru mwanawe, na orodha itabandikwa jikoni na katika chumba cha walimu. Chakula cha watoto hao kitapikwa kwanza, katika sufuria yake na kwa mwiko wake. Mtoto atakayevimba au kukosa pumzi hatatembezwa. Atapelekwa kituoni mara moja, na mtu mzima.

Mpishi alinyoosha mkono mwishoni. "Mwiko wa sufuria hiyo nitauchora alama nyekundu," alisema. "Atakayeuchovya kwenye karanga atanitambua."

Nyumbani, Bibi hakuomba msamaha kwa maneno. Lakini tangu siku hiyo, biskuti haikuingia ndani bila yeye kumhoji muuza duka. "Ndani mna karanga?" aliuliza. "Una hakika? Nisomee hapo penye maandishi madogo." Muuza duka alimwogopa kuliko mkaguzi.

Karanga ziliendelea kupikwa Jumatano, kwa sababu watoto wengine walizipenda na ziliwafaa. Chiriku alikula maharage. Wiki ya kwanza mama yake alikwenda kusimama dirishani. Wiki ya pili alikwenda tena. Wiki ya tatu alibaki kwenye cherehani, na alasiri alisikia sauti ya binti yake ikija tangu kona, ikisimulia mambo ya mbuzi aliyeingia darasani.

Orodha ya jikoni ilianza na jina moja. Mwezi ulipoisha, ilikuwa na majina matano.

La sita lilikuja Jumapili. Muuza nyama alifika barazani na suruali begani. Nyuma yake alikuwepo binti yake mdogo, wa miaka sita hivi. Muuza nyama aliitandaza suruali juu ya meza, akaanza kueleza zipu iliyoharibika. Fundi aliitazama zipu. Haikuwa na ubovu wowote.

"Sema ulilojia," alimwambia.

Yule bwana alishusha sauti ambayo soko zima liliijua. "Huyu mtoto na maziwa. Akinywa tu, tumbo, mabaka, anakohoa. Mimi nilisema ni ukaidi." Aliikunja upya ile suruali. "Mwaka mzima, kila asubuhi, namsimamia na fimbo mpaka kikombe kiishe."

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni. Maneno aliyokuwa nayo moyoni yalikuwa makali zaidi ya pini, na mtu huyu aliyastahili. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. Kisha akamtazama mtoto, si baba.

"Mara ya mwisho umekunywa lini?"

"Leo," mtoto alisema.

Shingoni mwake kulikuwa na alama nyekundu. Alipumua vizuri. Fundi alihakikisha hilo kwanza. Kisha akafunika cherehani.

"Mbebe," alimwambia yule baba. "Asitembee. Nesi yupo leo, nitawapeleka mwenyewe."

Muuza nyama alimwinua binti yake. Mtoto alimshika baba yake shingo, akamuuliza karibu na sikio, lakini kwa sauti ambayo Fundi aliisikia.

"Baba, kwani mimi si mkaidi?"

Baba alimweka vizuri kifuani.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hukuwa mkaidi hata siku moja."